Furushi lako na gunia letu: jibu kwa mkulima wa viazi

"Nina miaka 33, nina mke na watoto wawili, naishi Rungwe upande wa juu, kuelekea Isyonje. Nalima viazi mviringo. Msimu uliopita nilikopa shilingi 1,200,000 kwa mtu anayekopesha mtaani, nikaweka karatasi ya shamba, mke wangu hakujua. Nikalima ekari mbili. Viazi vilipoanza kuchanua, mtumishi ninayesali kwake aliniambia shamba langu limefungwa, nitoe sadaka ya kulifungua. Nikatoa 400,000, ambayo ndiyo ilikuwa ya dawa. Mvua ikakaza, majani yakaungua yote ndani ya wiki mbili, nikavuna magunia sita. Mtumishi anasema aliyelifunga ni baba yangu mdogo. Tangu hapo hatusalimiani. Mheshimiwa niliyempigia kampeni aliahidi vijana tutapata mkopo, sasa simu yangu hapokei. Na hayo magunia sita dalali aliyachukua kwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, bei akapanga yeye. Baba ananiambia, 'Sisi tulifundishwa kujitegemea, mtegemea cha nduguye hufa maskini.' Mke wangu anasema kosa ni langu peke yangu. Silali vizuri. Nauliza: ni kosa langu lote? Na mkulima atajitegemeaje wakati hata bei ya gunia lake hapangi yeye? Ndaga fijo, asante sana."

Ndugu yangu, pole sana. Ekari mbili za viazi ni mwaka mzima wa familia, na wewe umeeleza hasara hiyo bila kujisafisha. Umeandika mwenyewe kwamba ile 400,000 ilikuwa ya dawa. Wengi wangeficha sentensi hiyo.

Swali lako nalisikia hivi. Kila mtu aliye karibu nawe amekupa mkosaji wake. Kwa mtumishi ni baba mdogo, kwa mkeo ni wewe, kwa mzee wako ni kizazi chenu kizima, na wewe moyoni unamwona mheshimiwa na dalali. Unataka kujua nani amesema kweli. Hakuna aliyesema yote, lakini aliyekosea kabisa ni mmoja, naye ni mtumishi. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha tuje kwenye sehemu yako.

Tuanze shambani, maana huko ndiko kuna ushahidi. Kilichounguza majani yako maafisa ugani wanakiita baka jani chelewa, sisi wengine tunasema ukungu wa viazi. Unaletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans. Vijimbegu vyake havionekani kwa macho. Vinasafiri kwa upepo na matone ya mvua kutoka shamba hadi shamba, na vikikuta jani limelowa kwa saa nyingi kwenye baridi, vinaota na kuingia ndani. Huko kwenu, ambako asubuhi huoni nyumba ya jirani kwa ukungu na mvua inaweza kukaa siku tatu bila kukatika, kimelea hiki kiko nyumbani. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Shamba lisilopuliziwa linaweza kuisha ndani ya wiki moja au mbili, kama ulivyoona mwenyewe. Dawa kama mankozebu hailiponyi jani lililokwisha kuugua. Inalikinga, kwa hiyo inatakiwa iwe imeshapuliziwa kabla vijimbegu havijatua, na wakati wa mvua irudiwe kila baada ya siku saba hadi kumi. Wewe ulikosa dawa katika wiki zile zile ambazo ilihitajika kuliko wiki nyingine zote. Pita kwa majirani waliopulizia mfululizo uwaulize walivuna magunia mangapi. Baba yako mdogo hakuhitajika ili viazi vyako viungue.

Sasa kosa lako. Kwa kuwa wewe ni mtu wa imani, nitatumia maandiko unayoyajua. Katika barua kwa Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2, Paulo anasema, "Mchukuliane mizigo." Mistari mitatu mbele, mstari wa 5, anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Ukisoma haraka unaona anajipinga. Lakini Kigiriki alichoandikia kina maneno mawili tofauti: baros, uzito unaomwelemea mtu, na phortion, mzigo wa kawaida ambao mtu amepangiwa abebe. Waliotutafsiria walifanya vizuri kuandika mizigo huku na furushi kule. Nenda gulioni uangalie. Mama anakuja na furushi lake kichwani, anapanda nalo mlima, wala hamwiti mtu. Lakini gunia la kilo 100 likitakiwa kupanda juu ya lori, watu wanaitana, na anayejaribu kulibeba peke yake anaumia mgongo.

Katika miaka yote ya kusikiliza familia za nyanda hizi, kuanzia Mbozi mpaka Makete, jambo ninalokutana nalo kuliko yote ni watu waliovibadilisha vitu hivi viwili. Mtu anamkabidhi mwenzake furushi lake, halafu anainama kubeba gunia peke yake. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Kuamua fedha ya dawa iende wapi lilikuwa furushi lako, nawe ukampa mtumishi. Deni la shilingi 1,200,000 lilikuwa gunia la watu wawili, nawe ukalibeba kwa siri bila mkeo. Lumbesa ni gunia la kijiji kizima, nawe ulisimama mbele ya dalali ukiwa mmoja.

Kwa hiyo, ni kosa lako lote? Hapana. Mvua si yako, ukungu si wako, bei si yako peke yako. Yako ni maamuzi mawili: kukopa bila kumwambia mkeo, na kuitoa fedha ya dawa. Ni makubwa, sitayapunguza. Lakini ni mawili, na yana tarehe. Nakuomba uangalie sana tofauti ya kusema "niliamua vibaya" na kusema "mimi ni mtu wa hovyo". Neno la kwanza linakuonyesha pa kurekebisha. La pili linafunga kesi, na hakuna kinachoweza kufanyika baada ya hapo. Mtu anayejilaumu kwa kila kitu hujiona anawajibika sana, kumbe naye amekimbia kama yule anayesingizia uchawi, ila kwa njia nyingine.

Kuhusu mtumishi nataka niseme kwa uangalifu, maana sipendi watu wanaodharau imani za wenzao. Kumtegemea Mungu ni jambo moja. Kumkabidhi mwanadamu uamuzi wako kwa jina la Mungu ni jambo jingine kabisa. Waberoya katika Matendo ya Mitume sura ya 17 walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakarudi kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Hawakuambiwa kwamba kuchunguza ni kukosa imani. Ndugu zetu Waislamu wana fundisho la Mtume kwa yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Alijibiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kupulizia dawa ni kumfunga ngamia.

Kuna kipimo kimoja ninachowapa watu, nacho hakijanidanganya. Mwambie kiongozi wako wa dini, "Nimekusikia, nitakwenda kuzungumza na mke wangu, nitakujibu wiki ijayo." Mchungaji wa kweli atakuambia nenda, kazungumzeni, tutaomba pamoja. Yule anayekutisha kwamba ukichelewa baraka itapita, au kwamba mkeo atakuharibia, hatafuti roho yako. Na mtumishi akishakutajia jina la ndugu yako kuwa mchawi, ondoka. Huko nyanda za juu tumezika watu kwa sababu ya jina lililotajwa kwenye maombi au kwa mganga. Niongeze na hili, ingawa hukuliuliza: Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini. Yeyote anayesoma hapa ambaye ameambiwa ameombewa na sasa aache dawa, asiache. Aendelee kumeza na aende kituo cha afya.

Unaweza kujiuliza ilikuwaje mtu mzima mwenye akili zake akaachia fedha ya dawa. Si ujinga. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yao juu ya mbwa. Mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia ya kuzizuia, walipowekwa baadaye kwenye kisanduku chenye kizuizi kifupi ambacho wangeweza kukiruka, wengi walilala chini wakavumilia. Mlango ulikuwa wazi, hawakutoka. Majaribio ya kikatili, lakini yametufundisha jambo. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 2016, watafiti hao hao walirekebisha maelezo yao kwa kufuata uchunguzi wa ubongo: kulala chini ndiko ubongo unakokwenda wenyewe maumivu yakizidi, na kinachojifunzwa ni kwamba ninaweza kuyazuia. Sasa fikiria mkulima ambaye mwaka wa kwanza bei imeanguka, wa pili mbegu imekuja na mnyauko, wa tatu barabara imekatika viazi vikaozea shambani. Akija mtu anayesema kwa sauti ya uhakika, "Najua tatizo lako, fanya hivi," moyo unapumzika. Hiyo nafuu ndiyo uliyoinunua kwa 400,000. Ilikuwa nafuu ya kweli, ila haikudumu zaidi ya wiki mbili.

Na unajua wale mbwa waliponaje? Hawakuhubiriwa. Watafiti waliwavuta kwa kamba mpaka upande wa pili, mara nyingi, mpaka wakaruka wenyewe. Kujitegemea kwao kulianza kwa kushikwa. Nakusihi umsimulie baba yako hilo, kwa heshima, siku mkiwa mmetulia.

Mzee wako hajakosea, ila amekumbuka nusu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo kizazi chake kililishika shuleni na kwenye mikutano, halikuitwa Kujitegemea. Siasa yake iliitwa Ujamaa na Kujitegemea, na neno la kwanza lilikuwa la kwanza kwa sababu. Lilikuwa linasema nchi isitegemee fedha na misaada ya nje kama msingi wa maendeleo yake, na kwamba watu watajitegemea kwa kufanya kazi pamoja. Halikumwambia mtu mmoja apambane na soko peke yake. Na tuseme ukweli wote: katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, huku na mikoa mingine, na nguvu ikaharibu kile kile ilichotaka kujenga. Huwezi kumtaka mtu awajibike kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kuliamua. Wazee wetu wana hekima nyingi juu ya miaka ile, ukiwauliza walifanya nini pamoja badala ya kuwaacha wakulaumu. Na mithali yake ya mtegemea cha nduguye ina mwenzake: kidole kimoja hakivunji chawa. Zote mbili ni zetu.

Hapa ndipo swali lako la pili linapokaa, nalo ni zuri kuliko la kwanza. Mkulima atajitegemeaje wakati bei hapangi yeye? Peke yake, hawezi. Lumbesa ni mfano ulio wazi. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kila dalali anajua, kila mkulima anajua. Lakini ukimkatalia wewe mmoja, anapanda pikipiki anakwenda kwa jirani, nawe unabaki na viazi vinavyochipua. Si kwamba huna msimamo; jambo lenyewe halina saizi ya mtu mmoja. Likikataliwa na wakulima arobaini wa bonde moja kwa siku moja, na ofisi ya Wakala wa Vipimo imeitwa ikiwa na mizani, mazungumzo yanakuwa mengine. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Ulikuwa wa kelele, watu wawili walitoka kwa hasira, na msimu wa kwanza nusu yao walirudi kwenye lumbesa kimya kimya kwa sababu ada za shule zilikuwa zinadaiwa. Msimu wa pili waliobaki walikuwa wanapimiwa. Sitakuahidi zaidi ya hapo.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko simu ya mheshimiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, kisheria ndio mamlaka ya juu kijijini, na unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wa mwisho kwenu ulikuwa lini? Ulihudhuria? Nauliza kwa sababu ulitumia wiki nyingi kumpigia mtu kampeni. Kura yako ilikuwa furushi lako, ukalibeba. Baada ya kura ukamkabidhi mheshimiwa na maisha yako pia, kama ulivyomkabidhi mtumishi shamba. Ni tendo lile lile, ila limevaa fulana ya chama. Hata mkopo aliokuahidi si wake kuutoa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Unaombwa kwa kikundi, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Wakati mwingine unachelewa na vigezo vinachosha, lakini huhitaji fadhila ya mtu.

Deni lako linaniogopesha kuliko mengine yote, kwa hiyo lianze wiki hii. Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na jina limestahili. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Omba uione. Omba nakala ya mkataba, andika kila ulicholipa na tarehe yake. Usikope kwa mwingine ili umlipe huyu. Nimeona familia zikipoteza shamba kwa njia hiyo hasa, si kwa deni la kwanza. Karatasi ya shamba uliyoweka ipeleke kwa msaidizi wa kisheria au ofisi ya halmashauri ya wilaya, Tukuyu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kama nyumba yenu imo ndani ya karatasi hiyo, jambo hilo lina uzito. Lakini hilo ni la kuangaliwa na mtu aliyeshika nyaraka mkononi, si mimi kwa mbali.

Kabla ya hapo, mkeo. Mwambie kiasi chote, pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizwa. Usitoe nusu leo na nusu mwezi ujao. Nusu ya pili huwa inaumiza zaidi ya ya kwanza. Usianze na sababu, anza na tarakimu. Atakasirika, ana haki. Anaposema kosa ni lako peke yako, nadhani anachosema ni kwamba aliachwa peke yake kwenye nyumba yake mwenyewe. Ukiliomba msamaha jambo hilo, badala ya kubishana na hesabu ya nani kakosa asilimia ngapi, mtaweza kukaa meza moja.

Na baba yako mdogo. Huyu hajakufanyia lolote, nawe umemnyima salamu kwa maneno ya mtu mwingine. Kwetu salamu si kitu kidogo. Usitume mtu na usisubiri msiba uwakutanishe. Nenda mwenyewe, umwambie uliambiwa nini na kwamba hukupaswa kuamini. Inawezekana jina lake limeshasambaa, kwa hiyo wale uliowasimulia waambie pia kwamba ulikosea. Hilo nalo ni furushi lako.

Umeandika neno moja mwishoni na kuliacha: hulali vizuri. Kama imezidi wiki mbili, kama chakula hakipiti, kama kazi huoni maana yake, au kama umewahi kufikiri kwamba bora usiwepo, nenda hospitali umweleze daktari hivyo hivyo kwa maneno hayo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Kama mawazo hayo yapo, mwambie mtu mmoja leo, na dawa zote za shamba zilizobaki ndani mpe jirani au ndugu akutunzie. Wakulima wengi tumewapoteza kwa chupa iliyokuwa chini ya kitanda. Usione aibu kunisikia nikisema hivi.

Pengine unajiuliza pia kama uache kusali. Usiache kusali. Badilisha unapopeleka maamuzi yako.

Msimu ujao usirudi kwenye ekari mbili. Lima nusu ekari, nusu ambayo unaweza kuihudumia mpaka mwisho hata mvua ikae wiki nzima. Usipande vile viazi vidogo vilivyobaki shambani, vimebeba ugonjwa. Panda basi uende kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole uulize mbegu safi na aina zinazovumilia ukungu, si mbali na kwenu. Na kabla hujanunua mbegu, toa kwanza fedha ya dawa ya msimu mzima, ihesabuni wote wawili, na mkeo ndiye aishike.